Wavu Chini ya Joho

Ukitaka kuijua kangri, usiitazame, igonge. Ndivyo Mukhta Ganai alivyomwambia kila mnunuzi, na papo hapo akamwonyesha: kidole cha kati kimekunjwa, tik, kwenye ubavu wa kile chungu kidogo cha makaa kilichosukiwa fito. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Alikuwa akigonga vyungu miaka thelathini, tangu mumewe alipokufa akamwachia mtoto mmoja wa kiume na ng'ombe asiye na maziwa, na hakuna msusi aliyewahi kumuuzia kikohozi. Pale Poshwan, kijiji cha mwisho kabla milima ya Kashmir haijafunga njia kabisa, watu walisema siku akifa yule mama, wale malaika Munkari na Nakiri watashuka kaburini na maswali kamili, watapanda na nusu yake.

Chungu kimoja tu kilimshinda kukigonga, nacho kilikuwa mwilini mwake.

Kilianza wakati wa maua ya tufaha, kijipele kama dengu, upande wa ndani wa paja la kushoto. Matufaha yalipochumwa kilikuwa harage. Majani ya michenari, ile miti mikubwa ya vivuli, yalipodondoka na wanawake wakaanza kuyachoma kupata makaa ya msimu, kilikuwa nusu ya ganda la jozi: kingo ngumu zimeinuka, katikati kumelowa. Mukhta alipatana nacho kama alivyopatana na kila mtu. Alikipa siku kumi kipone. Kilipokataa, akakiongezea kumi nyingine. Akakinyunyizia majivu ya kangri, dawa ya marehemu mama yake. Na kila kilipowasha aliisogeza kangri karibu zaidi, mpaka joto likakigusa kikatulia, naye akajisifu kwamba amepata tiba isiyo na gharama. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani atakishuku kitu kinachompa joto?

Hofu kubwa hakuwa nayo, kwa sababu mapaja ya Poshwan nzima yalikuwa na alama. Tangu theluji ya kwanza mpaka miti ichipue, kila mtu hubeba kangri chini ya pheran, lile joho pana la sufu. Hukaa nayo katikati ya miguu, hutembea nayo tumboni, hulala nayo ubavuni. Miaka ikipita, ngozi hupata michirizi ya kahawia iliyoungana matundu matundu kama wavu wa samaki. Wanawake wakiogeshana hutaniana: "Wewe umeshavuliwa, bado kukaangwa." Kitu walicho nacho wote hakimtishi mmoja.

Mwanzoni mwa Desemba daktari mmoja alipanda kutoka mjini, mwanamke, jina lake Nighat, akafungua chumba cha shule apime wagonjwa kwa siku mbili. Madirisha ya shule hayakuwa na vioo. Mukhta aliposikia hilo alichukua kangri tatu akaenda. Si kupimwa. Kuuza.

"Daktari, vidole hivyo vitaandika nini? Vimekuwa rangi ya bilingani. Shika hii."

"Bei?"

Mukhta akataja. Daktari akataja theluthi yake, bila kuinua uso kwenye karatasi.

"Ehe! Wewe binti wa nani?"

"Wa mama muuza samaki, pale darajani Srinagar."

"Ndiyo maana. Haya, nusu, na kwa sababu nimempenda mama yako."

Daktari alilipa, akaiweka kangri sakafuni, kati ya viatu vyake. Mukhta akacheka. "Hapo unawapasha joto siafu. Itie ndani ya joho."

"Nikiitia ndani, Ded," akamwita kwa jina la heshima la mama mzee, "miaka ishirini ijayo nitalala kwenye meza niliyowalazia wengine." Daktari akaweka kalamu chini. "Nakata watu mimi. Mapaja, matumbo. Kila mwaka, na wote wanatoka vijiji kama hiki."

Mukhta alivuta kigoda akaketi. Akakohoa kidogo. "Nina shemeji yangu," alisema. "Yuko ng'ambo ya mto. Ana kidonda."

"Kina muda gani?"

"Miezi minane hivi."

"Na hakijafunga?"

"Kinafunga kidogo, kinafunguka."

"Umri wake?"

"Hamsini na nane."

"Alianza kubeba kangri ana miaka mingapi?"

"Sita. Kama watu wote."

"Miezi mingapi kwa mwaka?"

"Mitano." Na kwa kuwa kichwa cha Mukhta hakikujua kuachia hesabu ipite bila kuifunga, kilijifungia chenyewe: majira hamsini na mawili, mara tano, miezi mia mbili na sitini. Zaidi ya miaka ishirini na moja ya moto mfululizo, paja lile lile.

"Analala nayo?"

"Nani halali nayo?"

"Wapo. Ninauliza yeye."

"Analala nayo."

"Aliwahi kuungua?"

"Mara moja, usichana wake. Ilipinduka kitandani. Kovu lipo mpaka leo."

"Mguu gani?"

"Kushoto."

"Na kidonda kiko mguu gani?"

Nje mtu alikuwa akimfokea punda.

"Huyo shemeji," daktari alisema taratibu, "ndiye huyu aliyeketi kwa tako moja?"

Walifunga mlango kwa benchi. Mukhta akapandisha joho akatazama dari, kama mtu anayekaguliwa na askari. Daktari alivaa glavu, akabonyeza kingo za kidonda, akapapasa kinena cha kushoto, kisha cha kulia, akarudia cha kushoto. Alichukua muda. Mukhta aliyajua vizuri macho ya mtu aliyekwisha kuona ufa na bado hajasema.

"Sema bei," alisema.

"Nadhani ni saratani ya ngozi. Nadhani tu. Mpaka kikatwe kipande, kipimwe."

"Hapana, hapo umekosea. Hiyo ni ya wazungu wanaojianika pwani kama samaki. Mwanangu alinionyesha kwenye simu. Mimi jua lenyewe miezi mitano silioni."

"Jua ni moto wao. Wewe wako ulikuwa ndani ya kikapu."

"Mbona kijiji kizima tuna wavu?"

"Wengi wenu mtakufa na wavu wenu, hautawafanya kitu. Wavu si ugonjwa, ni ushahidi kwamba ngozi imeokwa. Lakini hamjaokwa sawasawa. Aliyebeba mchana tu, majira kumi, wake ni mdogo. Aliyelala nayo miaka hamsini, juu ya kovu la zamani, na sasa ana donda lililokataa kufunga zaidi ya mwezi, huyo hesabu yake ni nyingine. Nyie mnaangalia mlichofanana. Mimi naangalia mlipotofautiana." Akavua glavu. "Ushuke mjini wiki hii."

"Baada ya arobaini," Mukhta alisema haraka, akimaanisha zile siku arobaini za baridi kuu. "Huu ndio msimu wangu, daktari. Nina kangri mia mbili ghalani. Theluji ikianguka watu wananunua kama wehu."

"Keshokutwa."

"Basi ishirini. Ishirini tu, nikishauza."

"Ded, mimi sina duka. Unayepatana naye si mimi." Akamwandikia karatasi, akamshika mkono akauweka kwenye kinena chake mwenyewe. "Hapa papapase kila asubuhi. Ukikuta mtoki, kitu kama njegere, usingoje hata chai. Na hiyo kangri itoke mapajani leo."

Mukhta aliweka karatasi kifuani akarudi nyumbani. Siku tatu aliuza. Kwa haki yake, aliuza vizuri. Ya nne alisema kesho. Ya tano tena kesho, maana watu wa bonde la chini walikuwa wamesikia harufu ya mawingu na wanapanda kununua. Ya sita theluji ikaanza, ikaanguka siku tatu usiku na mchana, na ya tisa mlima ukamwaga mzigo wake kwenye Shingo, ule ukingo mwembamba unaopitisha barabara pekee ya kijiji. Simu zikafa. Poshwan ikafungwa kama mdomo wa gunia.

Basi akawa ndani. Nyumba ya orofa mbili, lakini kwenye baridi kuu nyumba ni jiko tu. Dirisha la plastiki lenye mwanga wa maziwa, theluji imefika kwenye kizingiti chake. Mboga zilizokaushwa, samaki mkavu, chai ya chumvi. Mwanawe Mehraj yuko nyanda za chini tangu Oktoba, anatembeza shali mlango kwa mlango. Aliyebaki naye ni mkwewe, Masrat, mwanamke mwenye maneno machache na pua kali. Juu yao, kwenye boriti, zilining'inia kangri arobaini ambazo hazikuuzwa, midomo wazi, zikimtazama.

Alijaribu kutii nusu ya amri, ile ya kuiweka kangri mbali. Aliyekulia nchi ya joto hawezi kujua ni nini hiyo. Baridi ilipanda kutoka sakafuni ikamshika kiunoni, na kidonda, kwa kunyimwa moto wake, kikaanza kudai. Kiliwasha mpaka meno yakamlia. Dawa yake pekee ni ile iliyokizaa. Alikaa kati ya viwili hivyo, siku baada ya siku, akisogeza kangri kwa mguu: shubiri moja mbali, shubiri moja karibu.

Kisha akaja jirani yao Fazi, mjane mwenzake, ambaye ulimi wake haukupata kufunikwa na theluji hata siku moja.

"Mukhta! Kangri yako iko wapi?"

"Nina joto la uzee."

"Sisi uzee umetuletea baridi, wewe unakuletea joto? Makubwa. Kangri arobaini kichwani, mapajani hakuna hata moja! Mwoka mikate akikataa kula mkate wake, mimi sinunui. Nitajuaje ametia nini?"

Ulikuwa utani. Lakini Mukhta alijua utani unakotembelea: Fazi akiusema leo jikoni kwake, keshokutwa utakuwa msikitini. Miaka thelathini ya jina, na jina ndilo lililomlisha. Tangu siku hiyo akisikia hatua mlangoni alinyakua kangri tupu, isiyo na hata kaa moja, akaitia chini ya joho, akaikumbatia mbele ya wageni huku akitetemeka. Alikuwa akiigiza joto.

Masrat ndiye aliyemaliza maigizo.

"Mama, kuna panya amefia humu."

"Mtafute basi."

"Nimemtafuta. Nimemkuta ndani ya kitambaa ulichokificha nyuma ya pipa la mchele." Masrat alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Fungua joho."

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe. Mehraj hayupo, hakuna mwanaume hapa. Fungua, au nimwite Fazi anishikie."

Akafungua. Masrat alitazama, akasikia habari ya daktari na karatasi yake, akakaa chini pale pale.

"Kwa nini hukushuka, wakati njia iko wazi?"

"Nilikuwa nauza."

Masrat akaenda kuchemsha maji ya kukioshea, na hilo lilimchoma Mukhta kuliko matusi. Baadaye, huku akimbadilishia kitambaa, akasema, "Watu wanabebwa hata kwenye theluji. Mke wa Nabir mwenye punda alibebwa na mimba yake."

"Mimba ina heshima. Mimi wanaume wanne wanibebe, waulize ni nini, niseme nini? Paja? Muuza kangri kaliwa na kangri? Sibebwi."

Asubuhi ya kumi na saba ya kufungwa kwao, mkono wake, uliokwisha kuzoea kupapasa kinena na kukuta laini, ulikuta njegere. Aliigusa mara tatu. Ilikuwa ngumu, imetulia mahali pake kama imelipa kodi. Chai ilikuwa inachemka. Hakuingoja.

"Masrat," aliita. "Kamwite Nabir. Mwambie tumbo."

Walikuja wanne, Nabir mbele, mtu wa mizaha, na nduguye Sula nyuma. Walileta kitanda cha kamba, wakamlaza, wakamfunika mablanketi matatu na kumzungushia kamba tangu kifuani mpaka vifundoni, mikono ndani, maana Shingo ina mteremko ambao maiti mwenyewe angeshikilia. Masrat alikuwa bado ndani anatafuta karatasi ya daktari. Na katika nafasi hiyo Fazi akaja mbio, machozi yanatoka kweli kweli, amekumbatia kangri yake nzuri kuliko zote, ile ya harusini kwake yenye vikuku vya shaba, makaa mapya yanang'aa.

"Tumbo linataka moto, dada yangu." Akaipenyeza chini ya mablanketi, akaisukuma mpaka katikati ya mapaja, akakaza kamba juu yake. "Nenda na yangu."

"Fazi, toa."

"Usione haya. Siku ya leo hatuhesabiani."

"Toa nakwambia!"

"Twendeni jamani, anaanza kuchanganyikiwa."

Wakainua. Njia ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, kuta za theluji huku na huku, na Masrat alipotoka alijikuta nyuma kabisa, hatua hamsini, upepo ukimrudishia sauti yake mwenyewe.

Kila hatua ya wabebaji iliitikisa kangri, na kila mtikisiko uliisogeza kushoto. Kitambaa kilianza kupata joto, kisha unyevu wake ukaanza kupata joto. Hapo mwanzo, Mungu amsamehe, kidonda kilitulia. Kisha hakikutulia tena.

"Nabir. Iondoe hii kangri."

"Tulia, Ded. Sisi tuna joto la kubeba."

"Naungua!"

"Ndiyo kazi yake. Tumbo linajibu."

Alijaribu kugeuka, kamba zilifungwa na watu wanaojua kufunga mizigo. Alijaribu kuisukuma kwa goti. Ikainama, na mara akawa tena msichana wa miaka kumi na mitano kitandani, kangri inapinduka. Akashika njia aliyoijua.

"Nabir, sikia. Iondoe, nikupe kangri mpya. Chagua mwenyewe kwenye boriti. Bure!"

Nabir akasimama ghafla, kitanda kikayumba. "Mmesikia? Mukhta Ganai anatoa bure! Jamani, mama anakata roho, kazeni mwendo!"

Wakaanza kukimbia.

Hapo ndipo alipojua kwamba hana tena kitu cha kutoa mezani isipokuwa kile alichokificha. Walikuwa wamefika Shingoni, mahali ambapo hata mnong'ono husikika mpaka ng'ambo, naye hakunong'ona.

"Si tumbo! Ni paja! Ni donda, limeletwa na kangri, miezi tisa, linanuka, ni saratani, na hiyo kangri mmeifunga juu yake! Wekeni chini, wana wa mbwa nyie, wekeni chini!"

Waliweka chini. Nabir alikata kamba kwa kisu, hakusubiri kufungua. Wote waligeuza nyuso pembeni kwa adabu, isipokuwa Masrat aliyefika anahema na kupiga magoti. Nabir alibaki ameshika kangri ya Fazi. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, na bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho, aliitia chini ya joho lake mwenyewe. Kisha akaona wenzake wanamtazama. Akaitoa. Hakujua pa kuipeleka. Akaitumbukiza kwenye theluji, ikalia shhh, na chungu chake kikapasuka.

"Ufa huo ulikuwa unakuja," Mukhta alisema akiwa amelala, macho juu. "Nilimwambia Fazi."

Walimfunga upya, safari hii mikono nje, wakaendelea. Kisha Sula, aliyekuwa upande wa kichwa, akainama kidogo.

"Ded. La kwako lilianzaje?"

"Kama dengu. Wewe unalala nayo?"

"Nani halali nayo?"

"Naulizia wewe. Umewahi kuungua?"

Sula akatembea hatua kadhaa. "Utotoni."

"Mguu gani?"

Mukhta aliusikia mwendo wa Sula ukibadilika.

Mjini walimkata. Walitoa kidonda na nyama pande zote mpaka ilipokuwa safi, wakachuna ngozi ya paja la kulia kuziba la kushoto, wakatoa na mitoki ya kinena. Katika mitano, mmoja ulikuwa umeharibika. Nighat alimpa hesabu hiyo bila kuipunguza wala kuipamba: ingekuwa afadhali angekuja siku ile, ingekuwa mbaya zaidi kama angengoja theluji iyeyuke, na sasa atapimwa kila miezi mitatu, na barabara ya Poshwan daktari hana ufunguo wake. Mukhta alisikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza hakutaja bei yake.

Alirudi na miti imechipua, anachechemea. Majani ya michenari yalipoanguka tena alitundika kangri mlangoni kama kawaida, kwa kuwa alijua kuuza kitu kimoja tu, na baridi haikuwa imesikia habari zake. Yeye mwenyewe alikaa mbele ya jiko la bati, mpira wa maji moto miguuni, kangri hata moja haipo karibu. Walionunua walinunua. Wengine walimpita.

Fazi hakumpita.

"Nimekuja kwa kangri yangu. Ile ya harusi. Ilifia kwenye safari yako."

"Ilikuwa na ufa."

"Ilikuwa na ufa, ilikuwa na ufa! Miaka thelathini na tisa imenipasha, ikapasuke siku moja mikononi mwako? Nipe ile pale. Nzuri."

Mukhta akaitungua, akaigonga, ikalia. Lakini hakumkabidhi. "Miaka thelathini na tisa, na kabla ya harusi?"

"Kabla ya harusi nilikuwa na ya kwetu."

"Unalala nayo?"

"Aa, wewe mama unauza au unapima?" Fazi alicheka, akatazama huku na huku kama anayetafuta wa kumchekea. Hakukuwa na mtu. Juu ya Shingo mawingu yalikuwa yameketi chini, kijivu, na chembe za kwanza zilianza kupita mlangoni, moja moja.

"Kuna mahali," Fazi alisema. "Si kidonda. Pamekuwa pagumu tu."

"Pandisha joho."

Fazi hakulipandisha. Aligeuka akaitazama barabara kule chini, mstari mwembamba mweusi ulioanza kuwa mweupe.

"Funga mlango kwanza," alisema. "Kisha uniambie, leo basi la mwisho linashuka saa ngapi."